Maumivu ya mifupa: Lipi linaweza kusubiri, lipi halisubiri?

KABLA jua halijachomoza, malori huwa yameshajipanga Busia, Malaba, Namanga na Rusumo. Kando yake hupita watu wasiotegemea injini: akina mama wenye mabeseni ya nyanya kichwani, vijana wa mikokoteni, wapagazi wanaohamisha magunia kutoka ghala la upande huu hadi gari la upande wa pili. Mtaji wao wa kwanza ni mgongo, magoti na mabega. Fedha huja baadaye.

Ndiyo maana tatizo la mifupa likiingia nyumbani, hesabu ya kwanza inayopigwa ni ya siku. Kwenda kliniki ni kukosa gulio, na kulazwa ni kupoteza wateja. Iwe ni mgongo wa mama au mguu wa mtoto, swali huwa lile lile: je, hili linaweza kusubiri msimu uishe?

Mengine yanaweza, mengine hayawezi. Hasara kubwa hutokea pale mzazi anapohangaika na matege ya mtoto wa mwaka mmoja, ambayo yangenyooka yenyewe, huku mwingine akiacha nyayo zilizopinda za mtoto mchanga hadi aanze kutembea. Yafuatayo ni maswali ambayo wagonjwa huwauliza mara kwa mara wataalamu wa mifupa, pamoja na majibu yake.

Mtoto ana matege. Atanyooka mwenyewe?

Mara nyingi, ndiyo. Watoto wengi huzaliwa miguu ikiwa imepinda kidogo kwa jinsi walivyojikunja tumboni, na matege huonekana zaidi wanapoanza kusimama. Kwa kawaida hunyooka kufikia miaka miwili. Kati ya miaka mitatu na minne hali hugeuka, magoti yakaanza kugongana. Kufikia miaka saba au minane, miguu ya walio wengi huwa imekaa sawa bila viatu maalumu, bila kukandwa wala kufungwa vijiti.

Mtoto apelekwe hospitali ikiwa mguu mmoja tu ndio umepinda, ikiwa matege yanaongezeka baada ya miaka miwili, ikiwa anachechemea au ana maumivu, au ni mfupi mno kuliko wenzake. Huenda mifupa yake ni laini kwa kukosa vitamini D au kalsiamu. Mtoto anayeshinda ndani ya kibanda cha biashara kutwa nzima, amefunikwa gubigubi, hukosa jua ambalo ngozi hulihitaji ili kutengeneza vitamini hiyo.

Kalsiamu nayo haiko mbali. Samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao, ambao Mtanzania huwaita dagaa, Mkenya omena, Mganda mukene na Mrundi ndagala, wana kalsiamu nyingi. Ni bidhaa inayovuka mipaka hii kila siku, na wakisafishwa vizuri na kusagwa laini huweza kutiwa kwenye uji wa mtoto. Si haki mtoto wa muuza dagaa kuikosa.

Kwa wanaoishi Arusha na vijiji vinavyozunguka Mlima Meru, kuna suala la maji pia. Baadhi ya vyanzo vya huko vina floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ikizidi kwa miaka mingi huacha meno na madoa ya kahawia, na ikizidi sana huweza kupinda mifupa ya watoto. Kuchemsha maji hakuiondoi. Magadi yanayotumika kulainisha maharage na makande nayo yanaweza kuwa na floridi nyingi, hivyo mama anayepikia watoto wadogo ni vyema ayaepuke.

Mtoto amezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Tumngoje akue?

Hapana. Hili halisubiri. Hali hii, inayojulikana kama mguu kifundo, humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Si laana wala kosa la mama. Matibabu huwa mepesi zaidi yakianza wiki za mwanzo, wakati viungo vya mtoto bado ni laini.

Njia inayotumika zaidi ni ya daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na kufariki dunia mwaka 2009. Mtaalamu huunyoosha mguu kidogo kidogo kwa mikono, kisha huufunga plasta ngumu, ile ambayo Watanzania wengi huiita hogo. Plasta hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba. Watoto wengi hukatwa kano ya kisigino kwa upasuaji mdogo, kisha hufungwa plasta ya mwisho kwa wiki tatu. Vidole vikivimba au kubadilika rangi ndani ya plasta, mtoto arudishwe kliniki mara moja, hata kama ni usiku.

Baada ya hapo huja viatu maalumu vilivyounganishwa na kipande cha chuma. Huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala hadi mtoto afikishe miaka minne au mitano. Hapa ndipo wazazi wanaosafiri hujikwaa. Mguu umeshanyooka, mtoto anapendeza, na viatu vinaanza kusahaulika: leo mtoto kalala kwa bibi, kesho yuko kwenye basi. Kuacha viatu ndiyo sababu kuu ya mguu kupinda tena. Bibi, dada wa kazi au jirani anayebaki na mtoto naye afike kliniki, aonyeshwe jinsi ya kuvifunga. Siku ya kliniki ikigongana na siku ya gulio, mzazi aseme mapema apangiwe siku nyingine ndani ya wiki hiyo hiyo.

Mtoto hulia usiku kwamba miguu inamuuma. Ni kukua tu?

Inawezekana. Maumivu ya kukua huwapata watoto wa kati ya miaka mitatu na 12. Huuma miguu yote miwili, jioni au usiku, na asubuhi mtoto huamka anakimbia kama kawaida. Kumkanda taratibu kunatosha.

Maumivu ya mguu mmoja, sehemu ile ile, yenye uvimbe, homa au kuchechemea, ni jambo jingine. Yanaweza kuwa usaha ndani ya mfupa, ambao huhitaji hospitali siku hiyo hiyo. Katika nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria, ambako selimundu ni ya kawaida, mtoto anayeumwa mifupa mara kwa mara apimwe damu. Uvimbe unaokua juu ya mfupa nao usikandwe wala kuchanjwa, upigwe eksirei.

Mwanangu ni mfupi kuliko wenzake. Kuna dawa?

Wazazi wafupi huweza kupata mtoto mfupi mwenye afya njema. Kinachotazamwa ni mwendo wa ukuaji kwenye kadi ya kliniki: je, anaongezeka au amesimama?

Katika ukanda huu, sababu kubwa ni udumavu unaotokana na lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Tafiti za kitaifa zilionyesha kuwa watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa walikuwa asilimia 18 nchini Kenya na asilimia 30 nchini Tanzania mwaka 2022, asilimia 33 nchini Rwanda mwaka 2019/20, na asilimia 56 nchini Burundi mwaka 2016/17. Muda muhimu ni siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto afikishe miaka miwili. Vidonge vya kuongeza urefu vinavyouzwa sokoni na mitandaoni havisaidii. Balehe ikishakamilika, sehemu za mifupa zinazokua hufunga, na hakuna kidonge kinachozifungua.

Mgongo unaniuma baada ya kubeba mizigo. Nilale hadi upone?

Kulala siku nyingi hudhoofisha misuli. Maumivu mengi ya mgongo hupungua ndani ya wiki chache kwa mtu anayeendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi, na si kila mgongo unahitaji eksirei.

Chanzo ndicho cha kushughulikiwa. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kwa mikono. Gunia la kilo 100 linakaribia mara mbili ya hapo, na lumbesa hupita hata hilo. Nchini Kenya, kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka ukomo wa kilo 50 kwa mfuko. Mfanyabiashara anayefungasha mifuko midogo hulinda mgongo wa mpagazi, na wake mwenyewe siku mpagazi asipopatikana. Unapoinua mzigo, kunja magoti, usogeze karibu na mwili, na geuka kwa miguu badala ya kupinda kiuno.

Usisubiri kama miguu inaishiwa nguvu, sehemu za siri zimekufa ganzi, au huwezi kuzuia haja au mkojo hautoki. Hiyo ni dharura, na kila saa ina thamani. Mgongo unaouma wiki nyingi pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ugonjwa huo hutibika kwa dawa, lakini ukiachwa huweza kuleta kibiongo au kupooza.

Magoti yanauma. Niendelee na vidonge?

Goti linalokakamaa asubuhi kwa dakika chache na kuuma ukipanda ngazi, kwa mtu aliyevuka miaka 45, mara nyingi limeanza kusagika. Kupunguza uzito na kuimarisha misuli ya paja husaidia. Kuacha kutembea huzidisha tatizo. Kidole gumba cha mguu kinachovimba ghafla usiku na kuwaka moto kinaweza kuwa jongo, ambalo bia na nyama nyingi hulichochea. Goti jekundu, la moto na lenye homa halingoji asubuhi.

Kuhusu vidonge, diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa kila siku kwa miezi huweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Deksamethasoni na prednisoloni hutuliza upesi, lakini zikitumiwa muda mrefu bila usimamizi wa daktari hudhoofisha mifupa ikavunjika kirahisi. Usimeze vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi bila jina, hata kama jirani wa kibanda anavisifia.

Nimeanguka na bodaboda. Niende kwa mganga wa mifupa?

Funga kiungo kwa ubao au boksi gumu jinsi kilivyo, usikivute, kisha nenda hospitali. Mfupa uliotoboa ngozi unahitaji kusafishwa na dawa za kuzuia maambukizi ndani ya saa chache. Vijiti na vitambaa vilivyokazwa mno huzuia damu kupita, na wapo waliopoteza mkono kwa mvunjiko ambao ungepona. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au kubadilika rangi, legeza vifungo mara moja. Mtoto ndiye asicheleweshwe zaidi. Mfupa wake huunga haraka, na ukiunga vibaya kuurekebisha ni kazi nyingine.

Naweza kutibiwa upande wa pili wa mpaka?

Ndiyo, na wakati mwingine ndiyo njia fupi. Mkazi wa Taveta, Kenya, yuko karibu zaidi na Hospitali ya KCMC mjini Moshi kuliko Mombasa. Kwa aliyeko Mutukula upande wa Tanzania, Kampala ni karibu kuliko Mwanza, na Hospitali ya CoRSU iko Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe. Kenya ina hospitali ya CURE huko Kijabe, Dar es Salaam ina Taasisi ya Mifupa Muhimbili na CCBRT, na Rwanda ina Gatagara.

Kabla ya kuvuka, uliza kama kadi yako ya bima itapokelewa, kwa kuwa kwa kawaida bima ya taifa moja haitumiki katika nchi nyingine. Beba hati za safari, zako na za mtoto, barua ya rufaa, picha zenyewe za eksirei pamoja na majibu yake, na majina ya dawa unazotumia. Unapotoka, omba mpango wa matibabu ulioandikwa ili kliniki ya nyumbani iendeleze bila kuanza upya. Plasta ya kwanza inaweza kufungwa popote. Ya pili mtoto anaisubiri wiki ijayo, na mzazi ajue mapema itafungwa wapi, hata kama wiki hiyo mzigo wa vitenge ndio unaingia.