Fahamu: Makazi ya wazee ni nini, na uangalie nini kabla ya kumpeleka mzazi?

Ni mahali ambapo mzee hupewa malazi, chakula na uangalizi wa kila siku nje ya familia yake. Tanzania humhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60.

Nani hupokelewa?

Makazi ya Serikali, kama Nunge kule Kigamboni au Sebleni na Welezo huko Unguja, ni ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaitanguliza familia. Makazi ni hatua ya mwisho. Anzia kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Makazi mengine huendeshwa na mashirika ya dini na watu binafsi.

Uangalie nini?

Fika saa ya chakula, ukiweza bila miadi. Angalia choo kwanza: kina vishikio ukutani, sakafu haitelezi, taa inawaka? Kuanguka usiku ni hatari kubwa zaidi kwa mzee kuliko bustani isiyopendeza. Uliza nani yuko zamu usiku, nani hugawa dawa za presha na sukari, na anaziandika wapi. Makazi yanayobana saa za ndugu kutembelea yana la kueleza.

Gharama

Dai ada iwe kwa maandishi: nepi, dawa na usafiri wa hospitali vimo ndani yake?

Mzee mwenyewe

Aulizwe, hata kama kumbukumbu zimepungua. Akikubali, akae siku chache za majaribio kabla nyumba yake haijapangishwa.