Kemia Peke Yake Haiendeshi Kiwanda

Machi 2017 serikali ilipiga marufuku kusafirisha makinikia nje ya nchi, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Kwa aliyesahau, makinikia ni mchanga mzito unaopatikana baada ya mwamba kusagwa na kupitishwa kwenye matangi ya povu. Ule wa migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ulikuwa na dhahabu, shaba na fedha zilizoshikamana na salfa, na kuzitenganisha kulihitaji tanuru la kuyeyushia ambalo nchi haikuwa nalo. Kamati ya kwanza, chini ya mwanajiolojia Profesa Abdulkarim Mruma, ilipima sampuli na kusema kila tani ina wastani wa gramu 1,400 za dhahabu, wakati nyaraka za wasafirishaji zilionyesha kiasi cha gramu 200. Kamati ya pili, ya mchumi Profesa Nehemiah Osoro, ikapiga hesabu za kodi na mrabaha. Julai mwaka uleule kampuni ya Acacia, mwenye migodi hiyo, ilipelekewa madai ya dola bilioni 190, ikayakana, na kabla mwaka haujaisha uchimbaji wa chini ya ardhi Bulyanhulu ukasimama na mamia ya wafanyakazi wakapunguzwa. Barrick, kampuni mama ya Acacia, ilinunua hisa zake zote zilizobaki Septemba 2019. Januari mwaka uliofuata yakatiwa saini makubaliano yaliyoizaa kampuni ya Twiga: serikali ikapata hisa asilimia 16, manufaa ya kiuchumi yakawa ya kugawana nusu kwa nusu, na madai yakamalizwa kwa dola milioni 300.

Mengi yameandikwa kuhusu nani alishinda. Swali linalonishughulisha hapa ni la namna nyingine: kati ya bilioni 190 na milioni 300, ni elimu gani iliyokosekana mezani? Wataalamu walikuwepo pande zote mbili, tena wa kiwango cha juu. Alikosekana, au alikuwa haba mno, mtu mmoja awezaye kusoma karatasi ya maabara asubuhi, mkataba mchana na taarifa ya hesabu za kampuni jioni, kisha akaona zinapogongana. Hoja yangu ni kwamba kiongozi wa kiwanda cha kuchakata madini katika ukanda wa Shinyanga na Geita anahitaji kuwa mtu wa namna hiyo, na kwamba njia mojawapo ya kumpata ni shahada ya sayansi iliyopanuliwa: kemia, fizikia au jiolojia iliyosomwa kwa kina, pamoja na historia, uchumi, sheria na uandishi vilivyosomwa kwa uzito uleule.

Chukua suala la tanuru lenyewe, maana lilizungumzwa sana mitaani kana kwamba ni la kununua na kuwasha. Makinikia yakiyeyushwa, salfa iliyomo huungua na kuwa gesi ya salfa dioksaidi, gesi inayokausha mimea na kubana vifua vya watu. Haiwezi kuachiwa hewani. Hukamatwa na kugeuzwa asidi ya salfuriki, na hapo mkemia wa kawaida huona kazi imekwisha. Kumbe ndipo maswali ya kiwanda yanapoanza. Asidi hiyo hutoka kwa wingi, ni hatari kuihifadhi, na gharama ya kuisafirisha mbali humeza thamani yake; bila mnunuzi wa karibu, tanuru linazalisha mzigo. Nani atainunua? Anayejua jiografia ya kanda hii atakumbuka kwamba migodi ya shaba na kobalti ya Katanga hutumia asidi nyingi kuyeyushia madini. Aliyesoma habari za kilimo atakumbuka mwamba wa fosfeti wa Minjingu, Manyara, kwa sababu asidi hiyohiyo ndiyo inayotumika duniani kugeuza fosfeti kuwa mbolea inayoyeyuka upesi. Bado hajagusa umeme usiokatika, wala kiasi cha makinikia kinachohitajika ili tanuru lisikae njaa miezi kadhaa ya mwaka. Uamuzi wa kujenga au kutojenga unakaa katikati ya masomo haya yote, na mtu aliyefundishwa moja tu ataujibu nusu kwa uhakika kamili, jambo ambalo ni la hatari kuliko kutojua.

Kuna pia sehemu isiyopimika maabara. Kabla ya kampuni kubwa kuanza uzalishaji Bulyanhulu mwaka 2001, eneo lile lilikuwa la wachimbaji wadogo, na Agosti 1996 waliondolewa. Madai ya yaliyotokea siku zile yalibishaniwa kwa miaka, hadi yakafika kwa msuluhishi wa malalamiko wa taasisi za Benki ya Dunia. Meneja wa uzalishaji anayeingia leo katika vijiji vya Msalala bila kujua habari hiyo atashangaa kwa nini mkutano kuhusu bomba la maji unageuka kuwa mkutano kuhusu ardhi. Atadhani watu wanapoteza muda, kumbe wanaendelea na mazungumzo yaliyoanza kabla yeye hajaajiriwa. Historia kwake ni sehemu ya taarifa za uendeshaji, sawa na kipimo cha mtetemo wa mashine ya kusagia.

Dhana ya elimu pana isichukuliwe kuwa ni kitu cha kigeni kabisa. Ni kweli kwamba vyuo vilivyoijengea jina viko Marekani, na kwamba mfano unaotajwa sana Afrika ni Ashesi ya Ghana, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Patrick Awuah. Yeye alisoma uhandisi na uchumi kwa pamoja katika chuo kidogo cha Swarthmore, akafanya kazi Microsoft, kisha akarudi kwao. Ashesi yenyewe ilianza kufundisha uhandisi mwaka 2015, wanafunzi wake wakisoma pia masomo ya jamii na uongozi. Lakini hata kwetu ipo shahada inayokaribia wazo hilo, nayo haithaminiwi: shahada ya sayansi pamoja na elimu, ile ya walimu. Anayeisoma hubeba sayansi mbili, saikolojia na mbinu za kufundisha. John Magufuli, mzaliwa wa Chato, aliisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kemia na hisabati, akamaliza mwaka 1988, kisha akawa mkemia wa kiwanda katika Chama cha Ushirika cha Nyanza, Mwanza, kabla ya kuingia siasa. Udaktari wake wa mwaka 2009 ulihusu kemikali za ganda la korosho katika kuzuia kutu. Sioni ajabu kwamba rais mwenye wasifu huo ndiye aliyeuliza kilichomo ndani ya makontena. Naona vilevile, na wanaomshabikia wataniwia radhi, kwamba ujasiri wa mkemia ulifika mapema kuliko subira ya mwanasheria na mhasibu, na Bulyanhulu ikalipa gharama ya pengo hilo kwa takriban miaka mitatu ya ukimya chini ya ardhi.

Viwanda vya ukanda huu, isitoshe, si vya Wazungu peke yao. Kahama na Geita zina makarasha ya kusaga mawe, mialo ya kuoshea marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa) kwa sayanidi, na mitambo ya elusheni inayotoa dhahabu kwenye kaboni. Mingi ni ya Watanzania. Fundi wa mwalo anajua kwamba lazima aweke chokaa kabla ya sayanidi. Aliyesoma kemia anajua ni kwa sababu maji yakiwa na asidi, sayanidi hugeuka gesi inayoua. Mwenye kuongoza anapaswa kwenda mbali zaidi. Masika yakija, maji ya bwawa la marudio yatateremka kwenye mashamba ya nani? Leseni inasema nini kuhusu hilo? Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, bei na mrabaha vimekuwa mambo ya kuonekana hadharani; mwenye mtambo asiyeweka vitabu vya hesabu hujikuta anashindwa kueleza dhahabu yake imetoka wapi, hata kama kila gramu ni halali.

Pingamizi la kwanza ni lile la kila kikao: nchi hii inahitaji mafundi, si wasomi wa kila kitu. Nusu yake naikubali bila kusita. Mpango wa mafunzo ya ufundi wa migodini ulioanzishwa VETA Moshi mwaka 2009, kwa ushirikiano na kampuni za uchimbaji, umetoa mafundi umeme na mitambo ambao hakuna shahada ya historia inayoweza kuwa badala yao. Hakuna mgodi unaoendeshwa na watu wanaojadili. Ila fundi bora akipandishwa kuwa msimamizi, kazi yake hubadilika usiku mmoja: anaanza kuandika ripoti, kusuluhisha ugomvi wa zamu, kutetea bajeti mbele ya watu wasiojua pampu ni nini. Kampuni zenyewe zinalijua hili, ndiyo maana Barrick iliamua kuweka kwenye mgodi uliofungwa wa Buzwagi chuo cha kuwafundisha wasimamizi wake uongozi na masuala ya fedha. Wanalipia baadaye kile ambacho chuo kikuu kingeweza kuanza nacho.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Tunayo tayari masomo ya upana, husema wahadhiri: kila mwanafunzi wa uhandisi Dar es Salaam husoma Masomo ya Maendeleo, na kwa miaka mingi kila aliyepita kidato cha tano na sita alisoma GS (General Studies). Mbona hatujaona matokeo? Kwa sababu yamefundishwa kama ushuru wa kuvuka daraja. Ukumbi wa mamia ya wanafunzi, maswali yanayojirudia, majibu ya kukariri, na kila mtu akijua kwamba alama za somo hilo hazitamsaidia kupata kazi. Kumpa mwanafunzi wa kemia mkataba halisi wa madini, pamoja na sheria za mwaka 2017 zilizobadilisha umiliki wa rasilimali, akauchambua na kuutetea kwa maandishi, ni zoezi la aina nyingine kabisa. Linahitaji madarasa madogo na walimu wengi, kwa hiyo ni ghali. Sina jibu la mkato kwa gharama hiyo, isipokuwa kwamba tusianze na vyuo vyote. Programu moja au mbili kanda ya ziwa zingetosha kutuonyesha kama inafaa.

Mzazi wa Kishapu aliyeuza ng'ombe ili mtoto asome anayo haki ya kuuliza shahada hii ina jina gani kwenye tangazo la kazi. Kwa sasa haina, na hiyo ndiyo hatari halisi. Nitaongeza jambo ambalo watetezi wa elimu pana hulikwepa: orodha za wakurugenzi wakubwa waliotoka vyuo hivyo vya Marekani hazithibitishi mengi, kwa kuwa wengi wao waliingia humo wakiwa tayari na fedha, lugha na jamaa wenye nafasi. John Williamson alikwenda McGill kusoma sheria, akahamia jiolojia, akamaliza udaktari mwaka 1933, na mwaka 1940 akagundua almasi ya Mwadui, hapahapa Shinyanga. Kisa hicho kinavutia, lakini huwezi kujenga sera ya elimu juu ya mtu mmoja mwenye bahati na ukaidi.

Kinachonisukuma ni hali ilivyo sasa. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania zinazitaka kampuni za madini zionyeshe mpango wa Watanzania kurithi nafasi za wageni na kutoa kipaumbele kwa bidhaa za nchini: chokaa, mipira ya chuma ya kusagia, kemikali, mavazi ya kazi. Kila bidhaa hapo ni kiwanda ambacho mtu fulani ataongoza. Kwa Kahama, eneo la Buzwagi limepangiwa viwanda, ukiwemo mtambo wa kusafisha nikeli ya Kabanga ambao makubaliano yake ya msingi yalitiwa saini Januari 2021. Madini hayo ya nikeli nayo yana salfa, na mtambo huo utaleta maswali ya mnunuzi, maji na mkataba kama yale ya 2017, huku waliomo darasani leo wakiendelea kuchagua kati ya tahasusi za PCM (fizikia, kemia, hisabati) na HGE (historia, jiografia, uchumi) wakiwa na umri wa miaka kumi na saba.