Jina la Shevchenko: Maana na Asili Yake

Jina la Shevchenko si geni masikioni mwa wasomaji wetu. Wapenzi wa kandanda hulikumbuka kwa Andriy Shevchenko, aliyetunukiwa Mpira wa Dhahabu wa Ulaya mwaka 2004. Wapenzi wa fasihi hulijua kwa Taras Shevchenko (1814–1861), mshairi mkuu wa Waukreni. Lakini mfasiri akiulizwa lina maana gani, aghalabu hubahatisha, au hufungua kamusi ya Kirusi akapotea. Tumekusudia kulichambua hapa, kwa kuwa kosa katika jina la mtu huwa kosa katika hati yake.

Shina la jina hili ni shvets, neno la Kiukreni lenye maana ya mshona viatu, nalo limetokana na kitenzi shyty, yaani kushona. Hapa ndipo penye mtego. Katika Kirusi cha zamani neno lilo hilo lilimtaja mshona nguo. Basi anayelifasiri jina la Kiukreni kwa kamusi ya Kirusi humwondoa fundi kwenye ngozi na msharasi, akamkalisha kwenye kitambaa. Kipolandi, kwa upande wake, kinakubaliana na Kiukreni: szewc ni mshona viatu. Na mshona nguo je? Waukreni humwita kravets, kutokana na tendo la kukata kitambaa, wala si la kukishona. Kumbe fundi wa viatu ametambuliwa kwa uzi wake, na fundi wa nguo kwa mkasi wake! Tusiwashangae. Sisi nasi tukisikia "mshonaji" bila neno jingine, wengi wetu humfikiria mtu wa cherehani, ilhali mshona viatu naye hushona.

Sehemu ya pili ni kiambishi tamati -enko, ambacho asili yake ni kuonyesha mwana wa mtu. Kinapoambatishwa, sauti ts ya shvets hugeuka ch. Vivyo hivyo kravets huzaa Kravchenko. Na koval, yaani mhunzi, huzaa Kovalenko. Orodha ya askari Wakozaki ya mwaka 1649 ina majina mengi ya namna hii. Upande wa magharibi kiambishi -uk ndicho kilichoshika kazi hiyo, ndiyo maana wako pia akina Shevchuk na Kravchuk. Leonid Kravchuk, rais wa kwanza wa Ukraine huru (1991–1994), alibeba jina la mwana wa mshona nguo.

Msomaji wa pwani atasema kwamba -enko ni bin. Amekaribia. Lakini bin hufuatwa na jina la baba mwenyewe, na hubadilika kila kizazi. Shevchenko hutaja kazi ya mzee mmoja wa zamani, kisha likaganda, likarithiwa na wajukuu wasiowahi kushika msharasi. Taras Shevchenko alizaliwa katika utwana akawa mchoraji. Uhuru wake ulinunuliwa mwaka 1838 kwa rubo 2,500, fedha zilizopatikana kwa kuichezea bahati nasibu picha iliyochorwa na Karl Bryullov. Diwani yake ya kwanza, Kobzar (1840), ilimpa lakabu anayoitwa hadi leo. Kobzar ni mpigaji wa kobza, ala ya nyuzi. Mtu mmoja, basi, ana majina mawili ya kazi: moja la kurithi na moja la kustahili. Kwa maoni yetu, ni hilo la pili tu linaloweza kufasiriwa, maana linamsifu yeye mwenyewe. Jina la ukoo huachwa lilivyo. "Bwana Mwana wa Mshona Viatu" ni kichekesho.

Kuliacha lilivyo, hata hivyo, si kunakili kila herufi inayoonekana. Katika Kiukreni jina la mwanamume hubadilika mwishoni kwa kufuata uamilifu wake katika sentensi, na Shevchenka maana yake ni "ya Shevchenko". Chuo Kikuu cha Kyiv kilipewa jina la mshairi huyu mwaka 1939, na katika hati za Kiukreni huandikwa imeni Tarasa Shevchenka. Atakayenakili tu atazua "Chuo Kikuu cha Tarasa Shevchenka", na mwajiri atakayepokea cheti hicho ana haki ya kukitilia shaka. Iandikwe Taras Shevchenko. Jina la mwanamke lenye -enko, kwa upande mwingine, halibadiliki kamwe. Kwa hiyo o ikibaki pale ambapo a ilitarajiwa, mfasiri ajue kwamba anayetajwa ni Bibi Shevchenko. Nasi tunaoandika "yeye" kwa wote twahitaji sana dalili hiyo.

Kuhusu tahajia hatuna tabu, kwa sababu sh na ch zetu zinatosha, na kanuni ya serikali ya Ukraine ya mwaka 2010 ya kuandika majina kwa herufi za Kilatini inazitumia hizo hizo. Pasipoti za Kisovieti zilifuata tahajia ya Kifaransa, zikaandika Chevtchenko. Karani atakayekuta Chevtchenko katika hati ya kabla ya 1991 na Shevchenko katika hati mpya asifungue majalada mawili kabla ya kulinganisha tarehe ya kuzaliwa.