Je, Wajua? Tabia ya Rubani Huonekana Kwenye Ndege Yake

Je, wajua kwamba mwaka 1958 ndege iliyopakwa milia ya pundamilia iliruka juu ya Serengeti? Ilikuwa Dornier Do 27 ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani waliokuja kuhesabu wanyama. Rubani mpenda mbio asingeichagua. Mabawa yake yamekaa juu ya madirisha, hivyo aliye ndani huiona ardhi bila kizuizi. Tena huweza kwenda polepole mno ikabaki angani, na kutua kwenye nyasi pasipo uwanja. Hiyo ni ndege ya mtu mvumilivu, anayeweza kukodolea macho makundi ya nyumbu kwa saa nzima.

Denys Finch Hatton, mwindaji wa Kenya, alikuwa na hulka nyingine kabisa. Yeye alinunua ndege aina ya Gipsy Moth: viti viwili tu, bila paa, upepo mkali usoni. Ilimfaa mtu asiyependa kufungwa na chochote. Ilianguka Voi tarehe 14 Mei 1931, ikamuua yeye na mtumishi wake Kamau.

Hata uvumilivu haukumwokoa Michael. Alifariki tarehe 10 Januari 1959, akiwa na miaka 24, baada ya ndege yake kugongana na tai. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, naye amelazwa hapo. Ukipita njia ya kwenda Serengeti, simama uwatembelee.