Kwa nini wanaakiolojia hutangulia kabla daraja la zamani halijabomolewa

WANAKIJIJI wanaoishi ng'ambo ya mto hawana maswali mengi kuhusu daraja. Wanachotaka ni kuvuka. Daraja la zamani linapoanza kutikisika, mbao zake zikaoza au mafuriko yakachimbua nguzo zake, mgonjwa hafiki hospitalini, mazao hayafiki sokoni na wanafunzi hukaa nyumbani hadi maji yapungue. Ndiyo maana habari za daraja jipya hupokewa kwa vigelegele, na mtaalamu anayesimama kusema kwamba kwanza ardhi ya kingo ichunguzwe kama ina mabaki ya kale huonekana kuwa mchelewesha maendeleo.

Ukweli ni kwamba uchunguzi huo, ukifanywa wakati ramani ya daraja ingali mezani kwa mhandisi, huweza kumalizika kabla mkandarasi hajapatikana. Ukiachwa hadi tingatinga lifike, hubaki njia mbili tu, na zote ni mbaya: kusimamisha kazi huku mkandarasi akidai fidia ya kuchelewa, au kufumba macho na kuifukia historia ambayo hakuna bajeti inayoweza kuirudisha.

Kivuko hakichaguliwi kwa bahati

Mto hauvukwi popote. Watu wa kale walitafuta mahali penye kingo imara, maji haba au mkondo mwembamba, na mahali palipofikika hata wakati wa mvua. Mhandisi wa leo anatafuta mambo hayohayo. Matokeo yake ni kwamba daraja la kisasa mara nyingi husimama pale pale, au hatua chache tu, kutoka mahali ambapo vizazi vingi vilikuwa vikivuka kwa miguu au kwa mitumbwi.

Mfano mmoja ni Mto Malagarasi mkoani Kigoma. Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji iliuvuka mto huo katika nchi ya Uvinza. Richard Burton na John Speke waliuvuka mwaka 1858. Henry Morton Stanley alifika hapo mwishoni mwa mwaka 1871 akiwa safarini kumtafuta David Livingstone, naye aliandika jinsi alivyovutana na wenye mitumbwi kuhusu malipo ya nguo na shanga, na jinsi punda wake aliyeitwa Simba alivyokamatwa na mamba wakati akivushwa.

Hata misafara hiyo ni ya juzi tu ikilinganishwa na kilichomo ardhini. Mwaka 1967, John Sutton na Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, jirani na mahali Mto Ruchugi unapoungana na Malagarasi. Walikuta ushahidi kwamba watu walikuwa wakichemsha maji hayo ili kupata chumvi tangu takriban karne ya 5 au ya 6, yaani zaidi ya miaka 1,000 kabla ya misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani. Leo ukanda huohuo unapitiwa na Reli ya Kati pamoja na barabara inayovuka Malagarasi kwa daraja lililopewa jina la Rais Jakaya Kikwete, lililojengwa katika muongo wa 2010 kwa mkopo wa Korea Kusini.

Tope ni ghala

Sababu ya pili inayoupa ukingo wa mto uzito wa pekee ni tope lenyewe. Kila mafuriko yanapopita huacha tabaka la udongo juu ya kilichokuwapo. Udongo huo ukibaki na unyevu, hewa haipenyi, na vitu ambavyo kwingineko huoza haraka, hasa mbao, huweza kudumu kwa muda usioaminika.

Ushahidi mkubwa wa jambo hilo umepatikana katika bonde la Mto Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Uchimbaji uliofanywa upande wa Zambia mwaka 2019 ulifichua magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine kwa makusudi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 na timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool yalionyesha kwamba magogo hayo yana umri wa miaka isiyopungua 476,000. Mbao hizo zilidumu kwa sababu zilikuwa zimelala katika udongo uliojaa maji.

Vitu vidogo navyo hubeba habari kubwa. Katika miaka ya 1990, Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipata huko Mkukutu, wilayani Rufiji, shanga za kioo zenye asili ya Kirumi. Shanga chache tu zilitosha kuonyesha kwamba wakazi wa eneo hilo walikuwa wameunganishwa na biashara ya Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya miji ya mawe ya pwani. Shanga ya namna hiyo ni ndogo kuliko punje ya mahindi. Katika ndoo ya greda haionekani.

Sheria inasema nini

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi unaohusika haujaanza. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018 ziligawanya miradi katika makundi kulingana na ukubwa wa athari zake, kuanzia inayolazimika kufanyiwa tathmini kamili hadi ile inayoweza kupita kwa maelezo mafupi. Hapo ndipo daraja dogo la kijijini linapohitaji jicho la ziada, kwa kuwa udogo wa daraja haupimi wingi wa kilichofukiwa chini yake.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ilirekebishwa mwaka 1979, inalinda vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Inamtaka anayegundua mabaki ya kale atoe taarifa serikalini, na inakataza kuyachimba bila kibali. Makaburi yanayolazimika kupisha mradi wa umma yana sheria yake, ya mwaka 1969, inayotaka wahusika wapewe taarifa na kulipwa gharama.

Wafadhili nao wana masharti. Benki ya Dunia ilitoa mwaka 2006 sera kuhusu mali za utamaduni, na kwa miradi mipya iliyoanza kuandaliwa baada ya Oktoba 2018 inatumia Kiwango cha 8 cha mfumo wake wa mazingira na jamii, kinachohusu urithi wa utamaduni. Mkopaji asiyekitimiza anaweza kukwama hata kabla ya fedha kutolewa.

Kazi inavyofanyika

Tathmini huanzia ofisini. Mtaalamu hukusanya ramani za zamani, maandishi ya wasafiri, ripoti za utafiti uliopita na kumbukumbu za Idara ya Mambo ya Kale, ili ajue kilichokwisha kuonekana karibu na mto husika.

Hatua ya pili ni kuzungumza na wenyeji, hasa wazee. Wao ndio wanaojua kivuko cha zamani kilikuwa wapi, mti upi ni wa matambiko, na kichaka kipi kina makaburi yasiyo na alama. Mambo hayo hayaonekani kwenye ramani yoyote, na mradi unaoyapuuza huweza kuzusha mgogoro na kijiji kilekile kilichoomba daraja.

Hatua ya tatu ni kutembea. Wataalamu hujipanga kwa mstari na kulikagua eneo lote, macho yakiwa chini, wakitafuta vigae vya vyungu, zana za mawe, mavi ya chuma na vipande vya mabomba ya udongo yaliyotumika kupulizia tanuri za wafua chuma. Kila wanachokiona huandikwa mahali kilipo kwa kifaa cha GPS.

Kwenye bonde la mto hatua hiyo haitoshi. Juu panaweza kuwa na mchanga mtupu wa mafuriko ya mwaka jana, huku makazi ya kale yakiwa chini mita mbili au tatu. Kwa hiyo huchimbwa mashimo ya majaribio, mara nyingi ya mita moja kwa mita moja, yakishushwa tabaka baada ya tabaka la sentimeta 10, na udongo wote hupitishwa kwenye chekeche. Hapa mhandisi na mwanaakiolojia wanaweza kusaidiana: mashimo yanayotobolewa kupima uimara wa udongo wa kusimikia nguzo humwonyesha pia mwanaakiolojia tope limeenda chini kiasi gani, na kama kuna tabaka la mkaa au vigae.

Hatari iko pembeni ya daraja

Kosa linalorudiwa ni kuchunguza mahali pa nguzo peke yake. Kubadilisha daraja hugusa ardhi pana zaidi. Kuna barabara mpya ya kuingilia kila upande, njia ya mchepuko ya magari wakati wa ujenzi, kambi ya mkandarasi, na machimbo ya kifusi na kokoto ambayo yanaweza kuwa mbali kabisa na mto. Machimbo hayo huondoa udongo wa juu wote, na kilichokuwamo huishia kushindiliwa barabarani. Kama hayakuwekwa katika hadidu za rejea tangu mwanzo, hakuna atakayetumwa kuyakagua.

Daraja la zamani lenyewe nalo linastahili kutazamwa. Madaraja ya chuma au mawe ya wakati wa Wajerumani na Waingereza ni machanga mno kulindwa moja kwa moja na sheria ya mwaka 1964, ingawa waziri mwenye dhamana anaweza kutangaza kitu kuwa cha kuhifadhiwa. Hata lisipotangazwa, kulipiga picha, kulipima na kulichora kabla ya kulibomoa ni kazi ndogo.

Wakikuta kitu

Kugundua mabaki ya kale si kuuzika mradi. Mara nyingi jibu la kwanza ni kukwepa: kusogeza barabara ya kuingilia, kuhamisha kambi au kuchagua machimbo mengine. Mabadiliko hayo ni rahisi kwenye karatasi, lakini ni ghali zege likishamwagwa. Pasipokwepeka, hufanyika uchimbaji wa uokoaji ili vitu na taarifa zake vitolewe na kuhifadhiwa kabla ya ujenzi. Mahali pa kawaida, penye vigae vichache vilivyosombwa na maji, huandikwa na kuachwa, na kazi huendelea.

Mwisho ni utaratibu wa kitu kinachoibuka ghafla, ambao unapaswa kuwamo katika mkataba wa mkandarasi. Dereva wa greda na kibarua mwenye sururu waelezwe mapema mambo yapi yanatia shaka: mifupa, rundo la vigae, udongo uliobadilika rangi kuwa mweusi wa mkaa. Wakiyaona wasimame, eneo lizungushiwe kamba na taarifa ipelekwe kwa wahusika, huku kazi ikiendelea upande mwingine.

Kwa madaraja ya vijijini, ambayo mengi yako chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) ulioanzishwa mwaka 2017, swali linalobaki ni la ratiba. Kijiji kinachosubiri kuvuka hakipaswi kusubiri zaidi kwa sababu ya vigae, na vigae havipaswi kupotea kwa sababu ya haraka ya kuvuka. Yote mawili huwezekana iwapo mtu mwenye mwiko na chekeche atafika ukingoni msimu mmoja wa kiangazi kabla ya mtu mwenye tingatinga.