Barafu Ilindayo Mizabibu ya Chablis

Kando ya mto Serein katika nchi ya Ufaransa uko mji mdogo uitwao Chablis. Divai ya jina hilo hutokana na zabibu nyeupe za aina moja tu, Chardonnay. Adui mkubwa wa wakulima ni sakitu, yaani umande ulioganda: usiku mmoja wa Aprili waweza kuunguza machipukizi na kuharibu mavuno ya mwaka mzima, kama ilivyowapata wengi mwaka 2021.

Wengine huwasha makopo ya nta shambani. Wengine, ajabu, huinyunyizia mizabibu maji usiku kucha. Maji yanapoganda hutoa joto kidogo, na chipukizi lililofunikwa barafu husalimika. Lakini yasikatike kabla barafu haijayeyuka. Yakikatika, chipukizi hufa.