Kuvua na watoto wakati wa baridi: maji ya Kerr si ya Tanganyika

FAMILIA nyingi za Kikongo zilizohamia North Carolina na Virginia, nchini Marekani, zina asili ya kando ya maji. Wapo wazazi waliokulia Uvira na Baraka, na wapo waliolelewa kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, wakila dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika. Si ajabu basi baba akishapata gari na Jumamosi moja isiyo na zamu kazini, akauliza ziwa liko wapi.

Kwa anayeishi Raleigh au Durham, jibu mojawapo ni Ziwa Kerr, mpakani mwa majimbo hayo mawili, ambalo watu wa upande wa Virginia huliita Buggs Island. Ni ziwa la kutengenezwa. Wahandisi wa jeshi la Marekani walijenga bwawa lake kati ya 1947 na 1952, baada ya mafuriko makubwa ya Mto Roanoke ya mwaka 1940. Ukubwa wake ni kama hekta 20,000, na kingo zake zimejaa vighuba.

Mgeni hudhani uvuvi ni kazi ya kiangazi. Wenyeji wengi wana mtazamo tofauti: jua kali likiisha na majani yakipukutika, ndipo wanapoandaa mishipi yao.

Wanayemfuata hasa ni straipa, samaki mrefu wa rangi ya fedha mwenye mistari myeusi ubavuni. Kwa asili ni samaki wa bahari anayepanda mito ili kutaga. Mayai yake hayatakiwi kulala kwenye matope. Yanahitaji kubebwa na maji yanayotembea kwa siku mbili hivi mpaka yaanguliwe. Mabwawa mengi ya Marekani hayana mto wenye urefu wa kutosha juu yake, kwa hiyo straipa hupandikizwa humo kutoka kwenye vituo vya kuzalishia vifaranga. Kerr ni miongoni mwa maziwa machache ambako huzaliana wenyewe, kwa sababu Mto Roanoke unakuja kutoka mbali.

Straipa mkubwa hapendi maji ya moto. Kiangazi hubanwa chini, ambako kuna ubaridi lakini hewa ya oksijeni ni haba. Maji yakipoa hupata uhuru wa kwenda popote, naye hufuata vidagaa vya huko viitwavyo shadi, ambavyo hulegea baridi inapozidi. Shakwe nao hawakosi. Wakionekana wanazunguka na kujitupa majini mahali pamoja, chini yao kuna karamu. Mtoto wa miaka saba mwenye macho mazuri anaweza kupewa kazi hiyo ya kuangalia shakwe, na ataifanya vizuri kuliko baba yake.

Hata hivyo, kwa mtoto anayeanza, straipa si samaki wa kumtegemea. Anahama, anahitaji mashua, na huweza kumaliza siku nzima bila kugusa chambo. Pechi mweupe ndiye rafiki wa watoto. Jina lisimchanganye msomaji aliyezoea sangara: pechi huyu ni ndugu wa straipa, ila ni mdogo, urefu wake kama kiganja au kuzidi kidogo. Ndugu wa kweli wa sangara ni mgebuka wa Tanganyika.

Wakati wa baridi pechi hukusanyika makundi kwa makundi karibu na sakafu ya ziwa, kwenye kina kirefu. Ndoano ndogo, kipande cha mnyoo na risasi ya kuzamisha vinatosha. Mtoto aache chambo kifike chini kabisa, azungushe mkono wa rili mara mbili, kisha atulie. Mwili wa samaki hufuata joto la maji, na kwenye baridi chakula husagika polepole tumboni mwake. Kwa hiyo hadonoi kwa nguvu. Mshipi hutikisika kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Akipatikana mmoja, wenzake wako hapo hapo.

Baridi isiyoonekana

Usiku wa giza kule Tanganyika, wavuvi wakiwa na taa zao ziwani, mtu akidondoka majini huogelea hadi kwenye mtumbwi na kucheka na wenzake. Maji ya juu ya ziwa lile huwa nyuzi joto 24 au zaidi. Kerr mwezi Januari yanaweza kushuka hadi nyuzi 6. Kwa macho ziwa ni ziwa, na siku ya jua la Januari linapendeza kweli. Mwili ndio utakaoona tofauti, na utaiona ndani ya sekunde chache.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyetumia miaka mingi kuchunguza jambo hili, anafundisha hesabu rahisi ya moja, kumi, moja kwa maji yaliyokaribia kuganda. Dakika ya kwanza mtu huhema ovyo bila kujizuia. Kichwa kikiwa chini ya maji pumzi hiyo moja inatosha kumzamisha. Katika dakika kumi zinazofuata mikono na miguu hupoteza nguvu, hata vidole vikashindwa kushika kamba. Saa moja hivi ndiyo mwili unaoweza kuchukua kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Hesabu hiyo ni ya mtu mzima. Mtoto ana mwili mdogo, na joto humtoka haraka zaidi.

Ndiyo maana kusema “mimi najua kuogelea tangu utotoni” hakusaidii hapa. Anayezama kwenye maji baridi mara nyingi huzama kabla baridi yenyewe haijamfikia moyoni, kwa sababu mikono imegoma. Jaketi la kuokolea ndilo linaloogelea badala yake. Sheria ya North Carolina inamtaka mtoto wa chini ya miaka 13 alivae wakati chombo kinatembea, lakini mzazi mwenye busara atamvalisha hata kwenye gati, naye atavaa lake. Lijaribiwe nyumbani juu ya koti zito: mtoto akiinuliwa kwa mabega ya jaketi, lisimpite kidevu na masikio. Yale ya kujaza upepo hayafai kwa walio chini ya miaka 16.

Jeans na fulana za pamba zikilowa hazina msaada. Sufu au nguo za nyuzi za viwandani, tabaka juu ya tabaka, ni bora. Begi la nguo kavu libaki garini, na gari liwe karibu. Vighuba vikiota barafu, mtoto asikanyage hata kama inaonekana ngumu, kwani baridi ya huko haidumu kiasi cha kuiimarisha. Jiko la mkaa au gesi lisiwashwe ndani ya hema lililofungwa. Hewa yake huua kimya kimya.

Kutetemeka ni onyo la kwanza. Mtoto akianza kuangusha vitu, kusema maneno yasiyoeleweka, kusinzia, au kuacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, safari imekwisha. Piga 911. Mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mfunike, mpashe joto kifua kwanza, wala usimsugue mikono na miguu. Kinywaji cha moto chenye sukari apewe ikiwa tu yuko macho na anameza vizuri.

Watoto wa chini ya miaka 16 hawahitaji leseni ya uvuvi katika majimbo yote mawili, mzazi anahitaji. Idadi na urefu wa straipa anayeruhusiwa kuchukuliwa hubadilika kwa msimu, hivyo kanuni za mwaka husika zisomwe kabla ya kutoka nyumbani.

Kuhusu sufuria, pechi ni salama zaidi kwa mtoto kuliko straipa mkubwa aliyeishi miaka mingi akikusanya sumu za viwandani kwenye mafuta yake. Idara za afya za majimbo hutoa tahadhari kwa kila ziwa na mto. Pasipo na tahadhari, ushauri wa serikali ya Marekani ni mlo mmoja wa samaki uliyemvua mwenyewe kwa wiki, bila samaki mwingine wiki hiyo: gramu 28 kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, 57 kwa wa minne hadi saba. Ngozi na mafuta ya tumboni vitolewe kabla ya kukaanga.